Soketi ya Nne

Inspekta alifika kwenye nyumba ya wapangaji saa nne asubuhi, jalada kwapani, kalamu yenye wino wa kubahatisha mfukoni, na muda wa saa tano tu. Mkuu wa kituo alikuwa amemwambia bila hata kuinua macho kutoka kwenye gazeti lake:

"Saa tisa alasiri jalada liwe mezani hapa. Saa tisa na nusu linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Mume ndiye aliyefanya, kila kitu kimo humo. Usinicheleweshe na hiyo tabia yako."

Tabia yenyewe ilijulikana kituo kizima. Shahidi akimaliza kusema, Inspekta humwambia, "Rudia." Akisharudia, humwambia tena. Wenzake walimbandika jina la Bi Rudia na walidhani hajui.

Mambo yaliyokuwa kwenye jalada yalikuwa machache na yalipangika vizuri, ndiyo maana Mkuu aliyapenda. Siku nne zilizopita, mwalimu wa chekechea aliingia kuoga katika chumba namba mbili, akafungulia hita ya maji, hakutoka akiwa hai. Daktari aliandika kuwa amepigwa na umeme. Hita ilikutwa haina waya wa ethi, ule unaoupeleka ardhini umeme uliovuja kabla haujampitia mtu. Lakini cheti cha ukaguzi cha miezi kumi nyuma, kilichobandikwa mlangoni, kilisema kwamba namba mbili ina waya huo na iko salama. Basi kuna mtu aliyeutoa baadaye. Mume wa mwalimu ni fundi redio, mtu wa nyaya. Ndani ya sanduku lake la vifaa kulikuwa na kipande cha waya wa kijani na njano, rangi za ethi. Na jioni ya kuamkia kifo, jirani alimsikia mke akipaza sauti: "Mimi nahama!"

Mume alikuwa mahabusu. Jalada likivuka saa tisa na nusu, angeshtakiwa kwa kumuua mkewe.

Nyumba ilikuwa na vyumba sita katika mstari mmoja, kuanzia getini hadi kwenye tangi la maji, kila kimoja na bafu lake dogo kwa nyuma. Milango ilikuwa ya bluu, namba zake nyeupe, zimechorwa kwa mkono uliotulia. Mbele ya mlango wa pili kutoka getini alisimama mtunza nyumba, mwanamume wa makamo aliyevaa ovaroli safi kuliko sare ya polisi yeyote. Alikuwa na ndoo, brashi na kitambaa.

"Unafanya nini hapo?" Inspekta aliuliza.

"Nasafisha, afande. Kuna mpangaji mpya Jumatatu."

"Nani amekuambia usafishe?"

"Shangazi. Yaani mwenye nyumba. Ni dada yake baba."

"Na utepe wa polisi uliokuwa mlangoni?"

"Usijali, sikuutupa." Mtunza nyumba aliinama akautoa nyuma ya ndoo. Alikuwa ameukunja kwa mikunjo sawa kama shuka la hoteli. "Niliona utachafuka."

Inspekta alivuta pumzi, akaiachia taratibu. Akaupokea utepe.

"Fungua mlango."

Mtunza nyumba alitoa shada la funguo kiunoni. Hakulitazama. Macho yake yalikuwa kwenye kiatu cha Inspekta kilichokanyaga sakafu iliyopigwa deki, huku kidole gumba kikipita juu ya ufunguo mmoja baada ya mwingine, mpaka kikasimama. Akautia kitasani, mlango ukafunguka.

Ndani kulinukia sabuni. Kilichobaki cha mwalimu kilikuwa kitanda kisicho na shuka, kabati lililo wazi, na ukutani michoro sita ya watoto: jua, nyumba, jua, jua, ng'ombe, na kitu ambacho huenda kilikuwa mwalimu mwenyewe. Inspekta alisimama mbele ya michoro ile kwa muda mfupi kuliko alivyotaka. Akaenda bafuni.

Mkaguzi wa umeme alichelewa dakika arobaini. Alikuwa kijana mrefu, begi begani, uso wa mtu ambaye hajalala siku nne. Sahihi yake ndiyo iliyokuwa kwenye cheti.

"Samahani sana, afande. Nilikuwa natafuta betri za tochi."

"Umepata?"

"Hapana."

Inspekta akamshikia simu yake imulike. Mkaguzi alizima swichi kuu, akapima mara mbili kuhakikisha, ndipo akafungua kifuniko cha hita kwa bisibisi. Alichungulia.

"Sema," Inspekta alisema.

"Hakuna ethi."

"Hilo tunalijua. Nionyeshe pale ulipokuwa umefungwa."

"Hapa, kwenye hii skrubu ya kijani." Alisogeza mwanga. "Ila..."

"Ila nini?"

"Haijawahi kufunguliwa. Kiwandani wakimaliza kuikaza wanaidondoshea tone la rangi nyekundu. Ukiigusa tu na bisibisi, tone linapasuka. Hili hapa ni zima."

"Rudia."

"Tone ni zima. Hakuna aliyetoa waya hapa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuufunga."

Inspekta aliandika. Kalamu ilikwaruza karatasi bila wino, akaitikisa, akaandika tena. "Kwa hiyo mume hakukata kitu."

"Hakukuwa na cha kukata."

"Basi wewe ndiye uliyedanganya. Uliandika namba mbili ina ethi."

Mkaguzi aliweka bisibisi chini. "Afande, nilipima. Nyumba hii nilipima vyumba vyote sita. Nikakuta kimoja kibovu, namba tano, nikaandika kisipangishwe mpaka kirekebishwe. Kama ningekuwa mtu wa kujaza karatasi nikiwa kwenye benchi, si ningevipitisha vyote?"

"Rudia."

"Namba tano mbovu. Namba mbili nzima. Niliigusa kwa mkono huu."

"Na hii hapa ni nini? Si namba mbili?"

Mkaguzi alitazama hita, akatazama mlango, akatazama hita. "Ni namba mbili," alisema kwa unyonge. "Sielewi."

"Karudi nani kuikagua hiyo tano?"

"Mwenzangu. Mimi nilikuwa likizo."

"Mpigie simu."

Mwenzake alipatikana mara ya tatu. Inspekta aliweka simu sauti ya juu. Mwenzake alikuwa mtu wa haraka, nyuma yake kulikuwa na kelele za drili.

"Mimi nilitumwa namba tano," alisema. "Nikapima namba tano. Nikakuta ethi ipo safi kabisa. Nikafuta zuio, nikaondoka. Kuna kosa?"

"Hukushangaa? Karatasi inasema haina, wewe unakuta ipo?"

"Si wamerekebisha! Ndiyo kazi ya kurudia ukaguzi, afande. Kuona kama wamerekebisha."

"Uliuliza nani karekebisha?"

"Hilo si kazi yangu."

Simu ikakatika. Inspekta aliitazama kama vile ndiyo yenye kosa. Tangu Jumatatu alikuwa amezungumza na watu tisa, na kila mmoja alikuwa amefanya kazi yake hasa, wala hakuvuka hata unywele mmoja. Wote tisa walikuwa safi, na mwalimu alikuwa kaburini.

Saa sita kasorobo. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akafungua karatasi ya ukaguzi wa kwanza, akaisoma kutoka juu kama mtu anayetafuta sindano. Chumba namba mbili. Swichi ya taa moja. Hita moja. Ethi ipo. Soketi nne.

Alisoma mstari wa mwisho tena.

"Hesabu soketi za humu," alimwambia Mkaguzi.

"Moja hapa mlangoni. Ya pili hii ya kitanda. Ya tatu ile ya dirishani."

"Ya nne iko wapi?"

Mkaguzi alizunguka. Alisogeza kabati, akapiga ukuta kwa kifundo cha kidole, akainama hadi chini ya kitanda. Alirudi na vumbi magotini. "Hakuna ya nne."

"Uliandika nne."

"Labda waliifukia."

"Ukuta huu umefukiwa kitu? Tazama rangi. Tazama plasta. Wewe ndiye fundi."

"Haujaguswa," alikiri Mkaguzi.

"Soketi haina miguu," Inspekta alisema. Akapitisha kidole kwenye karatasi hadi chini. "Namba tano uliandika soketi ngapi?"

Mkaguzi akainama juu ya bega lake. Midomo yake ilisoma kabla ya sauti kutoka.

"Tatu."

Walitoka nje wote wawili, hatua za haraka. Mtunza nyumba aliwafuata akifuta alama za viatu vyao kwa brashi.

Mlango namba tano ulikuwa wa pili kutoka upande wa tangi. Alikaa humo Mama Pacha, muuza mitumba mnene mwenye kicheko cha karibu, aliyekuwa amekaa kizingitini akipanga mashati ya watoto kwa saizi. Ndiye jirani aliyesikia ugomvi.

"Karibu, Inspekta! Leo mmekuja wawili. Mkija watatu nitaanza kuwauzia."

"Mama Pacha, naomba niingie nihesabu soketi."

"Uhesabu nini?"

"Soketi."

"Haya. Serikali ina kazi." Akajisogeza nusu, wapite.

Hawakuhitaji kutafuta. Moja mlangoni, moja kitandani, moja dirishani, na ya nne pembeni kwenye kona, imechomekwa redio. Kutoka nyuma ya redio waya ulipanda ukutani hadi dirishani. Ulikuwa wa kijani na njano.

"Huu waya nani amekufungia?" Inspekta aliuliza.

"Si yule kaka wa watu mliyemfungia! Redio ilikuwa inakoroma kama babu. Akaniwekea areo ya kunasia stesheni. Kipande kilichobaki akaenda nacho." Mama Pacha alishusha shati. "Kwani areo nayo ni kosa?"

Mkaguzi alikuwa ameshaingia bafuni. Sauti yake ilitoka huko, nyembamba. "Ethi ipo, afande. Tone la rangi limepasuka, waya umekazwa, na umekazwa siku nyingi. Hii ndiyo hita niliyoigusa."

Inspekta alirudi kizingitini, akachuchumaa ili macho yake yawe sawa na ya Mama Pacha.

"Chumba hiki umekaa muda gani?"

"Mwaka wa nne huu."

"Kimekuwa namba tano miaka yote minne?"

"Namba? Sisi huku hatuitani kwa namba, mwanangu. Mimi ni Mama Pacha, yule ni Baba Viatu, kule getini ni Mwalimu, Mungu amrehemu. Namba ni za mwenye nyumba."

"Lakini kilikuwa namba ngapi?"

"Kabla ya rangi? Mbili."

Mkaguzi alitoka bafuni.

"Rudia, mama."

"Kilikuwa mbili. Halafu wakapaka rangi milango, kikawa tano. Hata yule kijana wa pili alipokuja kupima nilimwambia, baba, si mlishapima humu mkasema pazima? Akaniambia, mama, karatasi inasema pabovu. Nikasema haya, karatasi ina macho kuliko mimi."

Inspekta alifumba macho. "Polisi walipokuja siku ile, kwa nini hukuwaambia hili?"

"Waliniuliza kama nilisikia wakigombana. Nikasema nilisikia. Wakafunga daftari." Mama Pacha aliinua mikono. "Ningejuaje kwamba mnataka habari za rangi?"

"Na huo ugomvi wenyewe? Alisema anahama. Kumhama mume?"

"Mume yule? Aliyekuwa anamfulia mpaka soksi? Sijui, mimi nilisikia 'nahama' tu. Kati yetu kuna vyumba viwili, na ukuta ni ukuta."

Inspekta alisimama. Nyuma yake, brashi ya mtunza nyumba ilikuwa imeacha kusugua.

"Nipe ufunguo wa chumba cha Mwalimu," alimwambia.

Kidole gumba kikapita kwenye shada, kikasimama. Safari hii Inspekta alikitazama. Aliupokea ufunguo akaugeuza kwenye mwanga. Kwenye shina lake kulikuwa na alama ndogo zilizokatwa kwa tupa, safi, zenye nafasi sawa.

"Hizi ni nini?"

"Alama zangu, afande. Umeme hukatika sana. Nikizikata hivi nazijua kwa kidole, hata gizani."

"Kila ufunguo una alama sawa na namba ya chumba?"

"Ndiyo."

"Hesabu hizi kwa sauti."

Mtunza nyumba alilamba midomo. "Moja. Mbili. Tatu. Nne." Akatazama upande wa getini.

"Endelea."

"Tano."

"Na ufunguo huu unafungua mlango wenye namba gani?"

"Mbili." Alisema kwa sauti ya chini sana. "Nilizikata zamani. Kabla ya rangi."

"Na vyeti?"

"Vilikuja baadaye. Nikabandika kila kimoja kwa namba yake. Sikukosea hata kimoja, afande. Nilikagua mara mbili."

"Najua hukukosea," Inspekta alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilipungua makali. "Rangi ilipakwa lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa tatu."

"Siku gani?"

Alidhani ataambiwa hakumbuki. Lakini mtunza nyumba aligeuka akaenda hadi stoo iliyo chini ya tangi. Mle ndani kila kitu kilikuwa kimening'inizwa kwa ukubwa wake: misumeno, mabomba, kamba. Kwenye rafu kulikuwa na makopo ya rangi. Alitoa moja, la bluu, akalipangusa ingawa halikuwa na vumbi, akamwonyesha kifuniko. Juu yake palikuwa pameandikwa kwa kalamu nene: Milango. Imefunguliwa 13/3.

"Rangi ikishafunguliwa huwa inaganda," alieleza. "Naandika ili nijue umri wake."

Inspekta alifungua jalada. Barua ya kuzuia chumba namba tano kisipangishwe ilipokelewa na mwenye nyumba kwa sahihi yake, tarehe 12, mwezi wa tatu. Maombi ya kukaguliwa upya tarehe 16 yaliandikwa siku hiyohiyo. Mkaguzi wa pili alikuja tarehe 16. Fundi redio na mkewe walihamia mwezi wa nne.

"Nani alikuambia ugeuze namba?"

Mtunza nyumba alikuwa akitazama kifuniko kana kwamba kimeandikwa na mtu mwingine.

"Wageni wanachanganyikiwa," alisema polepole. "Ndivyo alivyoniambia. Zianzie getini badala ya kuanzia tangini. Sikujua habari za barua, afande. Barua huwa zinakwenda kwake."

Mwenye nyumba aliishi nyumba ya mbele, yenye baraza la vigae. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu, miwani shingoni, anafuma kitambaa cha meza. Alimkaribisha Inspekta kwa mikono miwili.

"Kaa, mwanangu. Umekonda. Kazi hizi zenu zinawatesa."

"Asante, mama, nitasimama. Mwaka jana ulipata barua kwamba chumba namba tano kisipangishwe."

"Nilipata. Na nilitii. Hakikupangishwa mpaka kilipokaguliwa upya kikaonekana salama. Karatasi ninayo, nikuletee?"

"Kilirekebishwa na fundi gani?"

Sindano ya kufumia iliingia, ikatoka. "Mafundi wako wengi."

"Mmoja tu. Nitajie."

"Nimesahau."

"Mkaguzi anasema ili kukirekebisha ilibidi kuvunja ukuta wa bafu hadi chini. Ni kazi ya wiki. Kuanzia barua mpaka ukaguzi wa pili ni siku nne. Na ukuta haujaguswa."

"Mwanangu, mimi ni mjane, mambo ya kuta siyajui."

"Ya namba unayajua. Siku moja baada ya barua, uligeuza namba za milango. Tano ikawa mbili, mbili ikawa tano. Kibovu kikapewa cheti cha kizima."

Mwenye nyumba aliweka ufumaji wake mapajani. Upole ulibaki usoni, lakini ulikuwa umesimama kama saa iliyokufa betri.

"Nyumba ni yangu," alisema. "Milango ni yangu. Namba ni zangu. Kuna sheria inanikataza kupaka rangi milango yangu?"

Inspekta aligeuza karatasi kwenye jalada. Hakuijua sheria hiyo. Njia nzima ya kuja barazani alikuwa ameitafuta kichwani na hakuiona.

"Barua ilisema tano," mwenye nyumba aliendelea kwa utaratibu. "Nilimpeleka mkaguzi tano. Kama mkaguzi haoni, nimfanyeje? Mnataka kumwonea mjane kwa sababu mmemkamata mtu, sasa mnaona haya."

"Shangazi."

Mtunza nyumba alikuwa amesimama kwenye ngazi, kofia mkononi, kopo la rangi chini ya kwapa. Hakupanda barazani.

"Wewe nenda kamalizie deki," mwenye nyumba alisema.

"Shangazi, siku ile ulisema nipake kabla ya Jumatano. Nikakuambia rangi haitakauka, hewa ina unyevu, tungoje. Ukasema Jumatano kuna mtu anakuja, azikute zimekauka." Aliliweka kopo ngazini. "Tarehe kumi na sita ilikuwa Jumatano."

"Mtoto wa kaka yangu, unajua unachosema?"

"Najua, Shangazi. Mimi ndiye niliyezichora." Aliinua mkono wa kulia, akautazama. "Ile mbili nilirudia mara tatu ili ikae sawa."

Mwenye nyumba alishika tena ufumaji wake, akatafuta tundu la sindano, asilione. Inspekta alimwambia ajiandae kwenda kituoni kuandika maelezo. Hakujua bado kama ingeitwa uzembe, udanganyifu, au kuua. Hilo lingebishaniwa na watu wenye vitabu vinene. Alijua tu kwamba watu waliojua barua ile kabla ya rangi walikuwa wawili, Mkaguzi na mwanamke huyu, na ni mmoja tu aliyeagiza rangi.

Kabla ya kuondoka alirudi chumba cha pili kutoka getini. Alimwagiza Mkaguzi akate umeme wa chumba kile na kufunga swichi kwa kufuli. Kisha akatoa sarafu mfukoni, akakwaruza ile namba mbili mlangoni. Bluu ilitoka magamba. Chini yake, kwa weupe uliofifia, ilijitokeza kona ya namba tano.

Alifika kituoni saa tisa kasoro dakika saba. Mkuu alikuwa ameshavaa koti.

"Limekamilika?"

"Hapana, mkuu. Mtuhumiwa si yeye."

Mkuu alilitazama kopo la rangi lililowekwa juu ya meza yake, karibu na gazeti. "Hiki ni nini? Nimekutuma jalada, unaniletea rangi?"

Inspekta alimweleza. Tone jekundu lisilopasuka. Soketi tatu, soketi nne. Funguo. Kifuniko. Areo ya Mama Pacha. Mkuu alisikiliza akiwa amesimama, kisha akiwa ameegemea, kisha akiwa amekaa. Inspekta alipomaliza, Mkuu alikuna kidevu, akatazama kalenda ya mwaka jana aliyokuwa hajaitoa ukutani, akahesabu kwa kidole hadi tarehe 16 ya mwezi wa tatu. Jumatano.

"Rudia," alisema.

Karani aliyekuwa mlangoni alikohoa ili asicheke. Mkuu aligundua alichosema, akakunja uso. Inspekta akarudia, toka mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka kitu. Saa tisa na nusu ilipita bila mtu kuitazama. Mkuu alivua koti, akavuta fomu ya kuachiwa huru, akasaini kwa kubonyeza sana.

"Uliipata wapi, ile ya kwanza?" aliuliza huku ameinama. "Ya soketi?"

"Ilikuwa kwenye jalada, mkuu. Tangu siku ya kwanza."

Mkuu hakuinua kichwa.

Mahabusu, Fundi Redio alikuwa amekaa kwenye kona ya benchi, mabega ndani. Inspekta alimrudishia mkanda, kamba za viatu na saa yake. Akamweleza kwa maneno machache, kwa sababu mengi hayangesaidia. Hakuna aliyekata waya. Haukuwahi kuwepo. Cheti kilichokuwa mlangoni mwao kilikuwa cha chumba cha Mama Pacha.

Mwanamume yule alitia kamba kwenye kiatu cha kushoto, tundu baada ya tundu.

"Alikuwa ananiambia maji yanamtekenya," alisema. "Tangu mwezi uliopita. Nikamwambia avae kandambili. Jioni ile akasema yeye hawezi, anahama chumba, nikitaka nimfuate. Nikamshika mkono nikampeleka mlangoni. Nikamwonyesha karatasi. Nikamwambia, soma, mwalimu. Kimepimwa."

Inspekta hakumwambia arudie.

"Mtu akiniletea redio," Fundi alisema, "hata aseme nzima, anataka nimbadilishie kifuniko tu, mimi napima. Kila redio. Miaka kumi na moja." Alimaliza kiatu cha kushoto, akakishika cha kulia, akakiacha mapajani. "Testa ilikuwa mfukoni mwangu, afande. Chumba changu tu ndicho ambacho sikukipima."